Mpeni Mtoto Tatizo, Msimpe Mwisho

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi, walimu na walezi wa vikundi vya watoto. Wapo walioshindwa kufika wakaomba kuisoma, nami naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, walezi, na nyinyi watoto mlioketi huku mbele: habari zenu?

Naomba nianze na swali. Ni nani humu ndani ambaye utotoni hakuwahi kuwa mtu mwingine? Nani hakuwahi kuwa daktari akamdunga mdoli sindano ya kijiti? Nani hakuwahi kuwa dereva, askari, mama wa watoto saba, mwalimu mkali? Natazama ukumbi mzima, sioni mkono uliopanda.

Swali la pili. Ni nani ambaye, akiwa katikati ya mchezo ule, alimwona mtu mzima akiuheshimu? Akautafutia mahali, akautengea muda wake, akauwekea kanuni za usalama, kisha akakaa pembeni akauacha uende unakotaka? Sasa mikono ni ya kuhesabika.

Ndugu zangu, hilo la pili ndilo lililonileta. Nimekuja kuwaombea watoto michezo ya kuvaa uhusika.

Wengine mnauliza, si ndiyo maigizo ya shuleni hayo? Hapana. Katika igizo la shule mtoto anakariri maneno yaliyoandikwa na mwingine, anapanda jukwaani, sisi tunakaa chini tunapiga makofi. Katika mchezo ninaousema hakuna maneno ya kukariri, hakuna jukwaa, hakuna watazamaji. Kila aliyemo ni mhusika. Mtoto anapewa jina, kazi, siri moja, na kitu kimoja anachokitaka kwa moyo wake wote. Halafu kinatokea kisa: mfalme amepotea, ugonjwa umeingia kijijini, kisima kimekauka. Kuanzia hapo mtoto anatembea kwa miguu yake mwenyewe, anasema kwa kinywa chake mwenyewe, anaamua kwa akili yake mwenyewe. Linalotokea saa ijayo hakuna anayelijua, hata aliyeuandaa mchezo.

Wakubwa wameucheza mchezo huu kwa miaka mingi. Mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani; huo unachezwa mezani, kwa kalamu, karatasi na dadu. Haukupita muda watu wakainuka vitini. Mwaka 1977 kikundi cha Dagorhir kilianza mapambano yake ya silaha za sponji karibu na Washington. Mwaka 1982 Waingereza wa Treasure Trap walianza kucheza ndani ya ngome ya Peckforton, katika jimbo la Cheshire. Na mwaka 1997 waandaaji wa michezo hii kutoka nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya kama Denmark na Norwei, walikutana Oslo kwenye kongamano waliloliita Knutepunkt, ambalo limekuwa likihama nchi hadi nchi tangu hapo. Denmark ndiko mchezo ulikoshuka kabisa hadi kwa watoto. Huko mtoto kwenda msituni mwishoni mwa wiki na upanga wake wa sponji si jambo la kumshangaza jirani.

Lakini historia si shida yetu leo. Shida yetu ni hii: je, unamfaa nini mtoto?

Nawajibu kwa kisa.

Tulikuwa na kundi la watoto wa miaka tisa na kumi. Hadithi ilikuwa ya kijiji ambacho njia yake ya kisimani imekaliwa na zimwi. Zimwi lilikuwa mwenzetu mmoja, mtu mzima, amejifunika shuka jeusi, amekaa njiani. Watoto walikuwa na panga zao, walikuwa na kamanda wao, na mahali fulani tulikuwa tumewafichia ngao. Mpango wetu sisi waandaaji ulikuwa mwepesi: wataitafuta ngao, wataipata, watapigana, watashinda, tutakunywa maji.

Wakafika kwa zimwi. Kamanda akapanga watu wake. Mara msichana mmoja, ambaye uhusika wake ulikuwa tabibu, akatua mkoba wake chini, akapita katikati ya panga, akamwuliza zimwi: "Kwa nini unakaa peke yako hapa?"

Hakuna aliyekuwa amemwandalia zimwi jibu la swali hilo. Yule mwenzetu alinyamaza kidogo chini ya shuka lake, kisha akasema: "Kila anayekuja, anakuja na upanga."

Jamani, mngeona! Watoto waliketi chini palepale, mavumbini, wakafanya baraza. Kamanda alikuwa amekasirika kweli: "Amekula mbuzi wetu huyu! Mbuzi watalipwa na nani?" Mwingine akasema zimwi lina nguvu, lifanye kazi lilipe deni. Mwingine akauliza litakunywa maji saa ngapi. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami akaninong'oneza, "Waambie wapigane, muda unakwisha." Nikamwambia tuwaache.

Wakatoka na mkataba, wameuandika nyuma ya ramani tuliyowapa. Zimwi litakunywa usiku, mchana litalinda kisima, na litachimba mfereji mpaka deni la mbuzi liishe. Wote wakatia vidole kwenye tope, wakagonga sahihi. Wote isipokuwa kamanda. Yeye alisimama na karatasi mkononi, akauliza: "Likituibia maji, nani atajua? Nani atamlinda mlinzi?" Kimya. Wakarudi kukaa. Wakaongeza kifungu kwamba kila usiku watu wawili watakesha kisimani pamoja na zimwi, kwa zamu. Hapo ndipo kamanda akatia kidole chake.

Nawauliza walimu mliopo: lini mara ya mwisho mmewaona watoto wa umri huo wakikaa kujadili kifungu cha mkataba bila kuamriwa? Lini mmemwona mtoto akikataa kusaini, akatoa sababu, na wenzake wakamsikiliza, wakarekebisha?

Wangepigana tu, wangefurahi, na siwanyimi furaha hiyo. Vita vya sponji ni raha tupu. Lakini walikuta mlango ambao sisi hatukuuona, na mlango ule ukafunguka kweli. Wakajua kwamba wanaloliamua linabadilisha mambo. Maisha ya mtoto yamejaa maamuzi ya wengine: saa ya kulala ameamuliwa, nguo ameamuliwa, somo ameamuliwa. Na lazima iwe hivyo, sisi ndio walezi. Ila awepo mahali pamoja ambapo akisema "twendeni kushoto", dunia inakwenda kushoto. Mpeni mtoto tatizo, msimpe mwisho. Mkimpa mwisho, mmemrudisha kwenye igizo.

La pili. Uhusika humvuta mtoto juu ya pale alipo.

Nilikuwa na kijana mmoja ambaye kila mtu akifungua mdomo, yeye ameshaanza kujibu. Si mtoto mbaya, maneno tu yanamtoka kabla hajayajua. Siku moja akachagua mwenyewe kuwa mlinzi wa malkia, na kanuni ya mlinzi ilikuwa kwamba hasemi mpaka malkia amwulize. Nikadhani atabadilisha uhusika baada ya dakika chache. Akasimama nyuma ya kiti cha malkia, mikono mgongoni, mchezo mzima. Wajumbe wakaja wakadanganya mbele yake, naye anaujua uwongo ule, shingo imemkaza, hasemi. Mwishowe malkia akageuka: "Mlinzi wangu, wewe umeona nini?" Na yule kijana akaeleza yote, kwa mpangilio, nani alisema nini na nani alimpinga. Alikuwa amesikiliza kila neno.

Kwa nini aliweza pale, wakati darasani hawezi? Mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alilishughulikia swali la namna hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo wa watoto. Sisi hudhani mtoto anayecheza anafanya anavyotaka. Vygotsky akasema hapana: mtoto anayecheza anatii kanuni ya uhusika wake, na anaitii kuliko anavyotii amri nyingine yoyote. Alitoa mfano wa dada wawili, wa miaka mitano na saba, walioamua kucheza "dada na dada". Ni ndugu kweli hawa! Lakini siku zote walikuwa ndugu bila kufikiri. Walipoanza kuucheza undugu, ghafla wakaanza kuvaa sare, kushikana mikono, kufanya kila kitu kinachoonyesha kwamba sisi ni dada. Jambo ambalo maishani walikuwa hawalioni, kwenye mchezo likawa kanuni ya kuishika.

Baadaye mtafiti Manuilenko, huko huko Umoja wa Kisovieti, aliwataka watoto wasimame bila kutikisika kadiri wawezavyo. Ukimwambia mtoto mdogo simama tu, hadumu. Ukimwambia wewe ni mlinzi uko lindoni, anasimama muda mrefu zaidi. Na mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 180, wa miaka minne na sita, waliopewa kazi ya kuchosha ya dakika kumi huku pembeni pana mchezo wa kwenye tableti unawaita. Waliojifanya shujaa kama Batman ndio waliodumu kwenye kazi kuliko wenzao walioambiwa wajifikirie wao wenyewe tu. Simwambii mtu kwamba ukimvalisha mwanao joho ataanza kufanya kazi za shule bila kusukumwa. Nasema uhusika ni kitu ambacho mtoto anaweza kukiegemea anapojaribu jambo linalomshinda.

Denmark wamelichukua hili hadi darasani. Katika mji wa Hobro kuna shule ya bweni iitwayo Østerskov Efterskole, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambako masomo yenyewe hufundishwa kwa michezo ya uhusika. Wanafunzi wanaingia ndani ya hadithi, na hisabati, historia na lugha zinakuja kwa sababu hadithi inazihitaji. Wazieni tofauti yake. Hesabu ya ubaoni ukikosea unapata alama nyekundu ya kosa, basi. Hesabu ya chakula cha msafara wako ukikosea, msafara wako unakwama nyikani, na wenzako wanakutazama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi mmeniuliza mlangoni kabla hata sijaketi. Usalama. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu sina mzaha nalo.

Kuna usalama wa mwili. Upanga wa mchezo una bomba jepesi la plastiki ndani na sponji nene kulizunguka, na sponji hiyo lazima ipite ncha ya bomba kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu ncha ndiyo inayoumiza. Kabla ya kila mchezo mtu mzima anachukua kila silaha, moja moja, anajipiga nayo mkononi kwa nguvu. Ikiuma, haiingii. Iliyopasuka, haiingii. Kichwani, shingoni na sehemu za siri hapapigwi. Hakuna kuchoma, ni kugusa kwa ubapa au ukingo. Asiyetaka kupigana kabisa anafunga kitambaa cheupe mkononi, na hakuna wa kumgusa. Naye bado ana kazi kubwa, maana wapelelezi, matabibu na wapatanishi ndio mara nyingi wanaoamua hadithi. Mipaka ya uwanja mnaitembelea pamoja kwa miguu, msiielekeze kwa kidole. Na maji ya kunywa yawe mengi.

Tena liwepo neno la kusimamisha kila kitu. Waandaaji wa Nordiki huwa na maneno mawili, moja la kukata mchezo kabisa, jingine la kupunguza makali. Mimi nawafundisha watoto "Nyekundu!" na "Manjano!" Neno "simama" halifai, walinzi wa kwenye hadithi watalisema kila dakika. Mtoto akipaza "Nyekundu!" kila mtu anapiga goti, hata zimwi, hata mimi. Tunaanza mchezo kwa kulifanyia mazoezi neno hilo mara kadhaa, na wanalipenda, kwa sababu ni mara chache mtoto mdogo anapata neno linalopigisha magoti wakubwa. Halafu hatumwulizi kwa ukali kwa nini amelisema. Mkimkaripia mmoja kwa kulitumia vibaya, siku ya hatari hakuna atakayelitumia.

Na kuna usalama wa moyo. Huu wengi wanausahau.

Machozi ya mhusika wakati mwingine yanabaki machoni mwa mtoto. Kuna siku mtoto alikuwa msaliti wa kijiji, akaifanya kazi yake vizuri mno. Mchezo ukaisha, na wenzake hawakutaka kukaa karibu naye kula. Kwao ilikuwa ni yeye aliyewauza, si mhusika. Kwa hiyo hatumalizi mchezo kwa filimbi na kwenda nyumbani. Tunakaa duara. Kila mmoja anavua kitambaa au kofia ya mhusika, anaiweka chini, anataja jina lake halisi, kisha anasema jambo moja ambalo mhusika wake alilifanya lakini yeye asingelifanya. Yule msaliti alisema, "Mimi nisingewauza, ila yeye alikuwa anaogopa." Wakasogea wakampa nafasi. Dakika ishirini za duara, wazazi wangu. Asiyekuwa na dakika ishirini za duara asianzishe mchezo.

Zaidi ya hapo, kuna hadithi ambazo hazifai kuchezwa na watoto. Marekani imetokea zaidi ya mara moja mwalimu akawaigizisha watoto mnada wa watumwa darasani, akidhani anafundisha historia. Watoto weusi wakasimamishwa wauzwe na wenzao. Hilo si somo! Hilo ni jeraha jipya juu ya la zamani. Kama unataka kufundisha utumwa, soma nao, wasimulie, waonyeshe ushahidi, lia nao ikibidi. Usimpe mtoto uhusika wa kudhalilishwa, na usimpe mwenzake uhusika wa kumdhalilisha. Vivyo hivyo ulizeni nyumbani kabla: yuko mtoto aliyefiwa karibuni? Basi msimtumbukize kwenye mazishi ya mfalme bila kumwambia.

Mnaotaka kuanza, anzeni padogo. Mahitaji ni machache: kitambaa begani kwa kila mtoto, rangi moja kwa kila kundi, na hadithi inayoeleweka kwa sentensi mbili. Kwa walio chini ya miaka saba, mchezo usizidi nusu saa na kanuni ziwe zinazoingia kichwani mara moja. Wakubwa zaidi wanaweza kwenda saa mbili bila kuchoka. Mhusika asiwe na kazi isiyo na faida. Mkimwambia mtoto "wewe ni mwanakijiji" tu, mmemwambia akae. Mpeni siri. Mpeni barua ambayo ni yeye tu anayeweza kuisoma. Na watu wazima waliomo wawe wahusika wanaohitaji msaada, wasiwe mashujaa. Mtu mzima akishika upanga wa shujaa, watoto wote wanageuka watazamaji.

Halafu, nawasihi, msitoe zawadi ya mhusika bora. Najua mnapenda kutoa zawadi. Siku mtakayotoa zawadi, watoto wataanza kuigiza mbele yenu badala ya kucheza wao kwa wao.

Msikubali pia kuambiwa kwamba mnapoteza muda wa watoto. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataja mchezo waziwazi kuwa ni haki, pamoja na mapumziko na kushiriki sanaa. Haki, ndugu zangu. Haikuandikwa kwamba acheze akishamaliza yote tunayoyaona sisi ni ya maana.

Nimalizie na swali la mama mmoja aliyenifuata mlangoni. Mwanawe kila mchezo anataka kuwa mwovu, mchawi, jambazi, mfalme dhalimu, na mama huyo usiku hapati usingizi akiwaza. Mama, mwache awe mwovu. Mtoto mwema naye anataka kujua nguvu ina uzito gani mkononi, na ni heri akaujulia mahali penye duara la kuvua uhusika. Ila kabla hajaingia, mwulize swali moja: "Mwovu wako anataka nini?" Akijibu "anataka kuua watu wote," mwambie bado, nenda kafikiri. Akirudi akasema "anataka kisima kile kwa sababu watu wake wana kiu," mfunge joho, mruhusu aende.

Panga ziko pale nyuma ya ukumbi, nimeshazipima zote. Watoto, kumi na tano wa kwanza wachukue vitambaa vya kijani, waliobaki vya njano, na walimu wanaotaka kuona namna duara linavyofanyika wabaki hadi mwisho. Asanteni sana kwa kunisikiliza.